Makohozi ya Elia

Usiku ule, baada ya kumtangazia mdogo wangu Elia kwamba mapafu yake ni mazima, marehemu baba aliingia maabara bila kubisha hodi.

Alivaa koti lake la machimboni, vumbi la kokoto limemjaa kwenye nyusi. Kifua ndicho kilichomuua; walimpa dawa za kifua kikuu mara mbili, hazikusaidia, kumbe lilikuwa vumbi la mawe. Sasa Elia anaponda mawe palepale, naye ameanza kukohoa.

Sikuogopa. Nilifurahi anione. Mimi niliyeosha vyombo ughaibuni hadi nikajilipia stashahada mwenyewe, nikarudi, na leo mkoa mzima hakuna mwingine anayeiendesha mashine hii.

"Tazama, baba. Pafu linaloumia huacha protini zake kwenye makohozi. Mashine inazisoma hata kabla mtu hajadhoofika."

"Makubwa haya!" anasema baba, akicheka kidogo. "Basi nipime."

Anachukua kikopo, anageuza uso, anatema. Naweka mashineni. Mistari inapanda kwenye kioo, nami nasoma kwa sauti kama mwalimu: "Protini za mate matupu. Hapana, baba, haya ni ya mdomoni. Kohoa, utoe ya kifuani."

"Mbele ya mkwe?"

Nageuka. Maabara haipo. Ni sebule ya Elia, Jumapili ile waliyonipongeza kwa kupata kazi. Pilau iko mezani, mama mkwe wake amekaa kochi la katikati. Nimesimama na glavu mikononi, nataka wote waone ujuzi wangu. "Haya, bwana mdogo, kohoa!" Elia anamtazama mkwewe. Anageuza uso. Anatema kidogo, kwa adabu, ananipa kikopo.

Mistari ileile ya mate niliiona maabara kwa macho yangu, kwenye kipimo cha Elia, nikaipita, kwa kuwa nilikuwa nimewaahidi majibu ya haraka.

"Baba, sikujua."

"Ulijua." Anaanza kukohoa, kikohozi kirefu cha siku zake za mwisho, na kila anapokohoa uso wake unazidi kuwa wa Elia. "Usimwache arudi kwenye mawe."

Niliamka shuka limelowa jasho. Ilikuwa karibu alfajiri, saa ambayo lori huwachukua wachimbaji. Nikapiga simu.

"Shikamoo kaka," Elia akasema, injini ikinguruma nyuma yake. "Mbona mapema hivi?"

"Shuka kwenye hilo lori."

"Kaka, si ulisema mimi mzima? Nimeshawatambia wenzangu hapa, nina daktari wangu mwenyewe!"

Neno ambalo sikuwahi kulitamka tangu nirudi likanitoka.

"Nilikosea, Elia. Shuka. Nakuja kukupima upya, tukiwa wawili tu."

Nikasikia kiganja kikigonga bodi la gari, dereva akifoka, na lori likisimama.