Masikio ya Kuazima

Mume wangu amefanya kazi miaka thelathini na moja ndani ya chumba kisicho na dirisha, na ukimuuliza anafanya nini humo atakujibu kwamba anafua. Anachofua ni sauti. Kampuni yao ina ghala la kanda za zamani, muziki uliorekodiwa kabla watoto wetu hawajazaliwa, na kazi yake ni kuzitoa kwenye maboksi, kuziondolea makelele na kuzitayarisha zitolewe upya kwenye santuri. Kazini wanamwita Daktari. Mimi namwita baba watoto, na siku nyingine namwita majina yasiyoandikika.

Mimi ni fundi cherehani. Nusu ya sebule yetu ni ya wageni, nusu ni ya sare za shule, na wakati wa haya ninayosimulia shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kwa hiyo mgongo wangu haukuwa wangu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa nimekunja nne nikisikiliza muziki. Nilikuwa nimechoka. Yeye naye alikuwa amechoka. Tulikuwa watu wawili waliochoka wakigombania kiti kimoja chenye mto.

Sasa, kulikuwa na sinema moja ya maharamia. Niliwahi kuona kipande chake. Jamaa mzuri wa sura, shati limefunguka hadi kitovuni, ananing'inia kwenye kamba kutoka merikebu hii hadi ile na upanga mdomoni, anapigana na watu kumi na wawili na nywele hazivurugiki. Watu waliicheka, ikaondolewa kwenye majumba ya sinema baada ya wiki mbili. Lakini muziki wake haukuwa wa kuchekwa. Ulitungwa na mwalimu wa muziki wa shule ya kawaida, mtu mpole aliyekwisha kufariki, ukapigwa na okestra ya watu hamsini na wanane. Hakupewa nafasi nyingine. Mume wangu alizikuta kanda hizo mwaka wake wa pili kazini, akazipenda, na tangu hapo kila alipokuja mkurugenzi mpya alimwendea na ombi lile lile: tuutoe muziki huu peke yake, watu wausikie bila yule jamaa wa kamba.

Mkurugenzi wa kwanza alikataa. Wa pili alicheka. Wa tatu, huyu wa sasa, alikubali, na akaongeza neno. Alimwambia kwamba umri wake wa kustaafu umefika, lakini santuri hii ikitoka vizuri atamwongezea miaka miwili. Mume wangu akaja nyumbani na hilo neno kama mtu aliyenunua viatu vipya, kila saa analitazama.

"Nisipokuwa na kanda, mimi ni nani?" aliniuliza.

"Wewe ni mtu ambaye ameambiwa atengeneze mlango wa choo tangu mwaka jana," nikamjibu.

Alicheka, lakini niliona kwamba swali lilikuwa la kweli. Kuna wanaume wakitoka kazini wanabaki na mpira, na siasa, na wenzao wa kijiweni. Wangu hana. Ana kanda.

Tatizo lilikuwa masikio, na nililijua kabla yake. Birika letu hupiga mluzi likichemka. Mwaka wa pili sasa lilikuwa linapiga mluzi karibu na kiwiko chake naye anasoma gazeti, hana habari. Nilipomwambia, akasema birika limeharibika, halilii siku hizi. Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Binti yetu mkubwa, ambaye ni nesi, alimsihi kwenye simu akapimwe, akajibiwa kwamba Daktari hapimwi. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia binti yangu, na nikarudi kwenye pindo langu. Sikujua kwamba hata kazini anaficha. Nilidhani anaficha kwangu tu, kama wanaume wanavyoficha upara.

Kanda za mwalimu zilikuwa zimenata. Kanda ikikaa miaka mingi gundi yake hutoka jasho, na ukiicheza hivyo hivyo inajichuna na sauti inabaki kwenye mashine kama unga wa kahawia. Kwa hiyo mume wangu aliziweka kwenye kijitanuru chenye joto dogo, joto la kukaushia maua, kutwa nzima, akakaa kando ya kipimo kama mama mwenye mtoto wa homa. Zikipoa unapata siku chache za kuzicheza kabla hazijaanza kunata tena. Alizicheza, akazinakili zote kwenye kompyuta, kisha akaanza kufua. Alifua wiki sita. Jumatatu asubuhi kazi ilikuwa iende kiwandani kuchapwa santuri, na ikishachapwa imechapwa.

Jumamosi mchana alikuja na kompyuta ya kazini kwapani. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuleta kazi nyumbani. Akafungua spika zake za zamani, akaniomba nizime cherehani.

"Nataka uwe mtu wa kwanza kusikia," alisema. "Sikiliza wanapopigana kwa panga."

Nilizima. Okestra ikaanza chini chini, fidla zinakimbia, tarumbeta zinaitana, na kwa muda mfupi nilisahau mgongo. Kisha panga zikaanza. Yule mwalimu hakutumia panga za kweli. Aliweka pembetatu, kile chuma chembamba kinachogongwa kwa kijiti cha chuma, na kila upanga unapokutana na upanga kijiti kinagonga mara moja. Wazo zuri sana. Lakini kilichotoka kwenye spika kiliniingia sikioni kama mtu anakwangua sufuria kwa kijiko. Fidla nazo zilipiga kelele, na juu yake kulikuwa na mluzi mwembamba usiokoma. Nilijikuta nimeziba masikio.

Yeye alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Ningeweza kunyamaza. Naomba ieleweke kwamba nilifikiria kunyamaza. Ingetoka vile, watu wangeicheka, mkurugenzi angemwaga asante za kinafiki, na mume wangu angerudi nyumbani bila miaka miwili. Ningempata awe wangu. Lakini angerudi ameaibika, na yule mwalimu angezikwa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mtu pekee aliyempenda. Nikapiga moyo konde.

"Baba watoto, inaumiza."

"Inaumiza vipi?"

"Inachoma. Hivyo vyuma vinachoma."

Uso ukambadilika. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mteja mbishi, kwamba kanda imechakaa, kwamba sauti nyembamba ndizo huliwa kwanza na miaka, kwamba kwenye kanda pembetatu ilikuwa karibu imekufa kabisa na yeye ndiye ameifufua, kidogo kidogo, mpaka ikasikika.

"Nipigie ya mwanzo, ambayo hujaigusa," nilisema.

Akaipiga. Sikuamini. Ilikuwa na vumbi, ndiyo, lakini pembetatu ilikuwepo, safi, ndogo, mahali pake.

"Ipo," nikasema. "Nzuri kabisa. Umeiharibu bure."

"Haipo."

"Ipo, mume wangu."

"Wewe ni fundi nguo!" Alisimama. Hajawahi kunipandishia sauti mbele ya kitambaa cha mteja. "Mimi nimekaa na hizi kanda tangu hujajua hata kuingiza zipu. Haipo. Unasikia kwa sababu nimekwambia ipo."

Akatoa karatasi za mwalimu mwenyewe, zile za muziki zilizoandikwa kwa mkono, ambapo kila pigo la pembetatu limewekewa alama. Mapigo kumi na tisa. Akanigeuza kiti niutazame ukuta.

"Gonga meza kila unapoisikia," alisema. "Tutaona nani anaota."

Nilikuwa na kastabini kidoleni, ile kofia ya chuma ya kukinga sindano. Akaipiga kanda ya mwanzo. Nilisikiliza kama ninavyoisikiliza cherehani ninapohisi sindano imekuwa butu. Nikagonga. Nikagonga tena. Mara mbili upesi, kimya kirefu, mara moja. Nyuma yangu nilisikia kidole chake kikiteleza kwenye karatasi kutoka alama hadi alama, na kila nilipogonga kidole kilikuwa kimefika. Mapigo manane, tisa, kumi. Kisha kidole kikasimama. Muziki ukaendelea peke yake mpaka akauzima.

Nilipogeuka alikuwa amevua miwani.

"Nimesikia kastabini tu," alisema.

Nilimsogelea, nikamshika bega.

"Kumbe si kanda," alisema, na akalia. Mtu mzima, amekaa katikati ya sare za shule, analia bila hata kujifuta. Nami nililia, kwa huruma na kwa hasira pia, maana mficha maradhi huumbuliwa, na niliona uchungu kwamba ni mimi niliyeshika fimbo.

Aliponyamaza akasema atampigia mkurugenzi, waahirishe, wampe mtu mwingine. Hakuna mtu mwingine, nilimkumbusha. Mwenzake wa mwisho alistaafu na hakuajiriwa mwingine. Basi akaniangalia. Nilijua anataka kuomba nini na hawezi.

"Nina sare ishirini na tatu hazijawekwa vifungo," nilisema.

"Najua."

"Haya, sogeza kiti."

Tuliirudia kazi ya wiki sita kwa Jumamosi iliyobaki na Jumapili nzima. Yeye alijua kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mimi sikujua chochote isipokuwa hicho. Alikuwa anazungusha kitufe na kunitazama usoni. Mwanzoni sikuwa na maneno. Baadaye niliona natumia yangu, naye anayaelewa. Hapa inabana kwapani. Legeza. Hapa pindo limevuka. Hapo, hapo, usiguse tena. Ule mluzi tuliutafuta saa nzima, tukaukamata, akaukata, nikapumua. Jumapili alasiri mteja mmoja alikuja mlangoni kuuliza sare za wanawe, akatukuta tumekaa mbele ya spika kwenye vita vya maharamia, akaondoka anatikisa kichwa. Ilikuwa haki yake.

Nilichoka uchovu ambao sijawahi kuujua. Kusikiliza kwa ajili ya mtu mwingine si sawa na kusikiliza. Mpaka leo naweza kukuimbia kile kipande cha merikebu ikizama, na sitaki.

Jumatatu kazi ilikwenda kiwandani. Baada ya wiki kadhaa santuri zikaja, na waliozisikia walizipenda. Kuna mtu aliandika gazetini kwamba panga zinameremeta. Mume wangu alilikata hilo neno akaliweka kwenye kitabu, lakini hakuonyesha furaha niliyoitegemea. Alianza kuuliza habari ndogo ndogo. Je, nina sare nyingi muhula ujao? Mgongo unaendeleaje? Alikuwa anapima, nami nilijua anapima nini. Miaka miwili ilikuwa inakuja, na ndani yake kanda, na kila Jumamosi na Jumapili kwenye kile kiti. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba akiniomba nitakubali. Nilikuwa nimeshaanza pia kumchukia kidogo kwa ajili hiyo, na naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkurugenzi alipiga simu mchana, nikiwa natia uzi. Mume wangu siku hizi huweka simu kwenye spika, maana vinginevyo anakosa nusu.

"Daktari!" mkurugenzi alisema. "Kazi safi sana. Kila mtu anasema, yule mzee masikio yake ni ya dhahabu. Basi neno langu ni lile lile. Miaka miwili. Kuna kanda nyingine mia na ishirini zinakungoja. Tuandikiane?"

Mume wangu alinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilitikisa upesi, kabla moyo haujanigeuka, na nikajitahidi kutabasamu. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko tabasamu lile lilivyoweza kukaa.

"Bosi," alisema, "nashukuru. Lakini masikio si yangu. Yangu yamekufa. Hayo uliyoyasifu ni ya mama watoto, nayo yamechoka."

Kisha mkurugenzi akasema samahani, hajasikia vizuri, simu inakatakata, arudie.

Akarudia.