Diski za Mwalimu Ndelwa

Usiku ule nililala mapema, kabla hata ya taarifa ya habari ya saa mbili, kwa sababu kazi ilikuwa imenishinda na sikutaka kuongea na mtu. Nilizaliwa sioni. Wenye macho huniuliza huwa naota nini. Naota sauti, harufu, na vitu vilivyo mikononi mwangu, kama ninavyoishi mchana.

Kazi yenyewe ni hii: mimi ndiye ninayechapa karatasi za nukta nundu katika shule yetu ya sekondari ya wasioona. Mashine ya kuchapia ni ya zamani, ina kelele kama mvua ya mawe, na inaelewana na kompyuta moja tu, ile ya DOS, isiyo na picha wala kipanya. Unaiandikia amri, inatekeleza. Kisanduku kilicho pembeni yake kinanisomea kila herufi ninayobonyeza. Walimu wenye macho huicheka, eti skrini yake nyeusi. Kwangu mimi skrini zote ni nyeusi. Hii angalau hainiambii nifukuzane na kishale nisichokiona.

Alhamisi hiyo kompyuta iligoma. Feni ilizunguka, ikanguruma kidogo, kisha kimya. Fundi alikuja, akaifungua, akasema diski ya ndani imekufa na za aina hiyo hazipatikani tena. Kompyuta mpya tuliyopewa haina hata tundu la kuchomeka waya wa mashine yetu. Na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulikuwa Jumatatu.

"Mwalimu Agripina," mkuu wa shule aliniambia, "itabidi tuwasomee maswali kwa sauti. Tutafanyaje?"

Nilijua maana yake. Swali la hesabu linasomwa mara mbili, basi. Anayetaka kulisikia tena anaona haya kunyoosha mkono. Mimi mwenyewe niliwahi kufeli namna hiyo.

Ndotoni nilikuwa katika darasa letu la zamani, lile ambalo bati lake hulia jua likipanda. Nikasikia kikohozi kifupi, mara mbili. Kilikuwa cha Mwalimu Ndelwa. Huyo ndiye aliyenifundisha kompyuta, naye pia alikuwa haoni. Alifariki miaka minne iliyopita, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotia udongo kaburini. Hilo nililijua hata ndotoni, ila halikunisumbua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Imegoma?"

"Imegoma. Diski ya ndani imekufa."

Ananishika viganja na kuviweka mezani, kama alivyokuwa akifanya siku zile, na meza si ya darasani tena. Ni jiwe la kusagia la mama yangu, la baridi, na nyuma yangu mtu anapepeta mtama. Sishangai. Napapasa jiwe nikitafuta vitufe, navipata mahali pake, na vile viwili vya katikati vina vinundu vyake vidogo vya kuongozea vidole.

"Ulipoanza kujifunza," anasema, "ilikuwa na diski ya ndani?"

Nafikiri. Vidole vinakumbuka kabla ya kichwa. Haikuwa nayo. Diski ya ndani iliwekwa baadaye. Mwaka wa kwanza kila asubuhi tuliilisha diski ndogo za plastiki: moja ya kuiamsha na kuipa sauti, nyingine ya kuandikia. DOS yote, na programu ya kusoma, ilienea katika kitu kinachokaa kwenye mfuko wa shati.

"Haikuwa nayo, Mwalimu."

"Sasa unalilia nini?"

Tunatembea. Kuna harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ile ya wodi alimofia. Mkono wake uko begani kwangu, mimi ndiye ninayeongoza, na mkono ni mzito kuliko ulivyokuwa akiwa hai.

"Nilikufundisha wewe peke yako," anasema. "Hapo nilikosea."

Nataka kumjibu, lakini mashine inaanza kuchapa mahali fulani mbele yetu, inagonga, inagonga, karatasi inanijia mikononi ingali na joto. Naipitisha vidole. Haina nukta hata moja.

Niliamka mume wangu akichanja kuni uani. Kumekucha. Nilimwita anipeleke shule bila kungoja chai.

Diski zilikuwa kwenye kabati, sanduku zima, kila moja na lebo ya nukta aliyoibandika Mwalimu. Ya kwanza haikusomeka. Ya pili ilikwaruza tu. Nilikaa na ya tatu mkononi muda mrefu, nikiogopa kuiingiza. Nilipoiingiza, kompyuta ilisaga meno, ikatulia, halafu kisanduku kikasema kwa ile sauti yake ya mafua kwamba kiko tayari.

Niliegemeza paji la uso kwenye meza. Kisha, kabla sijachapa chochote, nilimwomba mkuu wa shule aniitie Halima na Skola wa kidato cha tatu.

"Mwalimu, tumekosa nini?" Halima aliuliza mlangoni.

"Hamjakosa kitu. Njooni mkae hapa."

Nilitengeneza nakala tatu za diski ile mikono yao ikiwa juu ya yangu, halafu nikawaachia kibao cha vitufe chenyewe. Skola alikosea amri mara nne, kisanduku kikamkatalia mara nne, akaanza kucheka. Ya tano ilipokubali na mashine ikaanza kugonga, wote wawili waliruka.

Mtihani wote wa hesabu waliuchapa wao. Mimi nilikuwa nakunja karatasi.