Plasta ya Tatu ya Kibonge

Mtoto aliyenyamaza kwenye chumba cha plasta hajawahi kumfurahisha Mama Plasta hata siku moja. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiwafunga plasta watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda ndani, na vilio ndivyo anavyovitaka. Anayelia ana nguvu, bwana! Kwa hiyo Jumatatu ile, bibi yake Kibonge alipoingia na mjukuu begani akasema, "Mwenzangu, safari hii katulia, tangu jana hata kunung'unika hanung'uniki," Mama Plasta alimpokea mtoto akamlaza kitandani upesi.

Kibonge huyo, binti wa miezi mitano mwenye mapaja yaliyonona, alikuwa amemtia aibu. Plasta mbili alizipiga mateke mpaka zikavuka kama viatu vya kuazima. Wauguzi walicheka wakashika mbavu. "Mama Plasta, leo umepata kiboko yako!" Alicheka nao, lakini lilimkaa rohoni.

Na plasta ya tatu haikuwa ya mchezo. Daktari alikuwa ameshakata kano ya kisigino iliyokuwa ikiuvuta unyayo, na plasta ikivuka kabla kano haijaunga, mguu unarudi kupinda, kazi yote bure. Basi Ijumaa Mama Plasta alipunguza pamba, akaivuta bendeji mpaka vidole vyake mwenyewe vikamuuma. "Haya, bi mdogo, ivue hii tukuone!" Kila mtoto humbonyeza ukucha wa mguu, akasubiri wekundu urudi, ndipo amruhusu kwenda. Siku hiyo, kwa raha ya ushindi, alimpa bibi mtoto wake akaita mwingine.

"Hebu nione vidole," alisema sasa.

Mguuni kulikuwa na soksi ya sufu, imevutwa hadi juu ya plasta.

"Nilimvalisha Ijumaa ileile," bibi alisema. "Watu wana macho, na asubuhi kuna baridi."

Soksi ikatoka. Mungu wangu! Vidole vilikuwa vimevimba, vimeiva zambarau, na kile cha mwisho cheusi kabisa. Mama Plasta aliubonyeza ukucha, akasubiri. Haukubadilika. Alipiga kelele daktari aitwe, akaanza kuikata plasta, akakata na pamba mpaka akaiona ngozi. Mguu ulikuwa wa baridi. Kibonge alimtazama tu, wala hakulia.

Daktari aliingia mbio, akaushika mguu. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi."

"Ni mimi!" Bibi aliangua kilio, kaung'ang'ania mkono wa Mama Plasta. "Ni mimi na soksi yangu! Mama yake aliniachia mtoto, nitamwambia nini mie?"

Kunyamaza kungekuwa rahisi, tena rahisi mno. Soksi ilikuwa pale sakafuni na kila mtu alikuwa anaiangalia. Mama Plasta aliogopa kazi yake, aliogopa jina lake, na zaidi ya yote aliogopa uso wa huyu bibi.

"Soksi ilificha tu, dada," alisema. "Niliyekaza ni mimi. Nilikaza kwa makusudi, isivuke. Na sikumtazama vidole kabla hajatoka."

Kilio kilikatika. Bibi aliuachia ule mkono, akamwinua mjukuu wake kitandani, akampa daktari.

"Mpeleke wewe," alisema. "Huyu asimguse tena."