Maporomoko ya Mwezi wa Nane

Miaka thalathini na moja Azzan aliendesha gari la maji la manispaa pale Ibra, Oman. Asubuhi hulijaza, jioni hurudi nalo tupu, na katikati yake watu wa vijiji visivyofikiwa na mfereji wameshajaza matangi yao. Alipostaafu alibaki na kanzu zake, mke wake Bi Kaltham, na mtoto mmoja wa kike, Buthaina, ambaye ameolewa Kalifornia mwaka wa kumi na mbili sasa, ana binti wa miaka minane, Ghadeer.

Mjukuu huyo Bi Kaltham hajapata kumwona ila kwenye kioo cha simu. Na mwaka huu daktari alimwambia presha ya macho imekwisha kula jicho la kushoto, na la kulia hawezi kulidhamini hata mwaka mmoja. Kukaa ndani ya ndege mchana kutwa na usiku kucha magoti yake hayakubali. Basi akamtuma mumewe.

Alimpa maagizo mawili. Kwanza, amwambie Buthaina aje na mtoto msimu wa joto ujao, ndipo skuli zinapofunga. Pili, habari ya macho asiitaje.

"Akija, aje kwa kutaka mwenyewe," alisema. "Sitaki mtu kupanda ndege kuja kunionea huruma. Na hilo la kuja mwambie uso kwa uso, kwa simu yule hukubali kila kitu."

Azzan akatia kanzu nyepesi tupu sandukuni, maana ilikuwa Julai, na mtu wa Ibra akisikia Julai hajui ila joto. Siku ya nne Buthaina akampeleka San Francisco kuonyeshwa daraja jekundu linalosifiwa dunia nzima. Halikuonekana. Ukungu ulilifunika, ikabaki miguu yake baharini, upepo unakata masikio, na wageni wa kila nchi wamesimama na kaptula zao wanatetemeka. Buthaina akamnunulia baba yake sweta yenye picha ya daraja lile lile. Akaivaa juu ya kanzu. Ghadeer alicheka mpaka akakaa chini.

Pale pale, kicheko hakijesha, Azzan akafikisha agizo la kwanza. Buthaina hakukataa. Alisema inshallah, kisha akaeleza kwamba Ibra mwezi wa saba ni digrii arubaini na nane, mtoto hajazoea, atafungiwa ndani kama kuku. Afadhali waje siku za baridi. Mwaka jana alisema hivyo hivyo, na mwaka juzi. Lakini skuli za huko wakati wa baridi hufunga siku chache tu, na siku hizo kila mwaka huzuka jambo. Azzan akavuta mikono ya sweta, habari ya macho hakuitaja.

Wiki zikaenda kwa matembezi. Tembezi kubwa Buthaina aliliweka mwisho, mwanzo wa Agosti: maporomoko ya maji ya Yosemite. Azzan alijua kwa nini. Buthaina alipokuwa na miaka saba, Azzan aliwapakia garini yeye na mama yake, wakavuka jangwa siku nzima mpaka Salala, ambako Agosti mvua za rasharasha huvika milima majani na maji yakaporomoka kila upande. Kwa watu wa Oman, Agosti ndio mwezi wa maporomoko. Hakuna anayeuliza kama maji yapo, na Buthaina naye hakuuliza.

Njia ilipita bonde kavu, mashamba ya lozi kulia na kushoto. Gari liliandika mia na sita, Azzan akadhani ni mwendo, akamwomba binti yake apunguze. Kumbe lile ni joto, huko hulipima kwa kipimo chao, kwetu ni digrii arubaini na moja. Nyuma, Ghadeer alikuwa akiimba.

Walipofika wakainua vichwa. Mwamba mkubwa, mweupe, umekwenda juu kama ukuta usio na mwisho, na katikati yake mchirizi mweusi. Maji hakuna hata tone. Mlinzi wa hifadhi akawaeleza kwa adabu kwamba yale ni maji ya theluji, huyeyuka Mei na Juni, sasa yamekwisha. Wamechelewa.

"Samahani, baba," Buthaina alisema. "Nimekuchosha bure."

Azzan akakaa juu ya jiwe, akautazama ule mchirizi.

"Masaa manne umeendesha kwenye joto hili," alisema. "Na mtoto anaimba."

"Gari lina kiyoyozi, baba."

"Na kwetu kipo."

Kisha akamwambia. Jicho la kushoto, jicho la kulia, maneno ya daktari, yote, mpaka kwamba ameagizwa asiseme.

"Na mbona umesema?"

"Sitaki ufike Ibra umechelewa kama hapa, ukaonyeshwa alama ya maji."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili skuli kufunguliwa. Usiku ule ule Buthaina akakata tiketi mbili katika ndege ya baba yake.

Azzan akapiga simu nyumbani, akasema wanakuja watatu.

"Umesema," Bi Kaltham alisema.

"Nimesema."

"Nilikwambia usiseme."

"Uliniambia."

Halafu Bi Kaltham akasema kiyoyozi cha chumba cha nyuma kinatoa upepo mtupu, na sasa nani atakishughulikia, yeye na magoti haya? Azzan akasema atampigia jirani yao, Laith. Vizuri, alisema Bi Kaltham, na amwambie pia alete taa, zile kali kabisa.

Walifika Ibra saa saba mchana, lami inafukuta. Mapazia yote yalikuwa wazi na taa zote zinawaka. Bi Kaltham akamvuta mjukuu wake chini ya taa ya ukumbini, akamwinua kidevu, akamtazama, na Ghadeer akatulia amtazame. Azzan alikuwa bado nje, anashusha masanduku.