Kiunzi Alichokitia Sahihi Rahmo

Rahmo Nuh akikwambia atafika saa nane, basi saa nane tazama mlangoni, utamwona. Kama hayupo, nenda kamuulizie hospitalini. Alipokuwa akifundisha darasa la tatu bila cheti, katika shule moja ya kijijini nje ya Bura, aliwaahidi watoto kwamba siku wote watakapolijua jedwali la saba kwa kichwa, ataruka kamba nao. Wakalijua, wale watundu! Mwalimu mzima na buibui lake akaruka kamba mbele ya shule yote, akalichana hadi gotini, na hakujuta hata kidogo.

Basi mwaka 1996 mtu huyo aliingia chuo cha ualimu Garissa kutafuta cheti, na huko akakutana na kiunzi.

Mkufunzi wa utafiti alikuwa Mwalimu Noordin, mzaliwa wa Lamu, mtu wa masihara mengi. "Hamwandiki neno," aliwaambia, "kabla hamjanionyesha kiunzi: vichwa vikubwa, na chini yake vidogo, nijue unaanzia wapi na unaishia wapi. Wengine mnaandika kama mtu aliyepotelewa na punda." Rahmo akaandika chake, kuhusu sababu za wasichana wa kijiji kile kuacha shule. Kichwa cha kwanza, ndoa za mapema. Cha pili, ada. Cha tatu, wazazi wasiothamini elimu. Noordin akakipitisha, Rahmo akatia sahihi, na mwalimu akatia yake.

Kasheshe ilianza likizoni, Rahmo alipopita nyumba kwa nyumba na rejista ya zamani mkononi. Wasichana walioacha shule walikuwa kumi na mmoja. Walioolewa? Wawili tu! Wale tisa wengine waliacha muhula mmoja, ule ambao pampu ya kisima iliharibika, na tangu siku hiyo wanakwenda mbali kuchota maji kwa punda, kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Miaka miwili sasa. Kamati ya maji ya kijiji iliahidi kuitengeneza kabla mwezi ule haujaisha. Na mwenyekiti wa kamati ni Abti Sakariye, mjomba wake Rahmo, ndugu wa mama yake, aliyemlea.

Maskini Rahmo! Aliporudi chuoni, karatasi ya utafiti ilitakiwa Ijumaa, na bila karatasi hakuna cheti. Akifuata kiunzi, anawasingizia wazazi wa watu. Akikiacha, amevunja neno alilolitilia sahihi. Wenzake walimcheka: "We Rahmo, hiyo ni karatasi tu!" Hakuwasikia. Kwao nyumbani Rahmo, mtu aliyetoa ahadi hajitoi kimyakimya. Huenda na mkubwa wake kwa yule aliyemwahidi, akaomba kufunguliwa. Na mkubwa wake aliyekuwa mjini wiki ile, kaja kuuza ng'ombe, alikuwa huyohuyo Abti Sakariye. Alimwendea, akamwomba amsindikize kwa Noordin. Hakumwambia sababu, na mzee hakuuliza, maana alimwamini.

Jumatano wakaingia ofisini, mzee kavaa kofia yake ya Ijumaa, fimbo mkononi.

"Salaam aleykum. Mwalimu, mimi nakuja kwa heshima," alisema mzee. "Hii mtoto yangu iliweka neno kwako. Sasa hiyo neno imemshinda. Naomba umfungue."

Noordin alidhani ni posa iliyokosea mlango. Alipoelewa kwamba kinachoombewa ni kiunzi, alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee wangu, kiunzi si nikaha! Kinabadilishwa hata mara kumi. Ukiona ukweli umepita kwingine, unaufuata huko. Sikuwaambia, kosa ni langu. Haya, Rahmo, umefunguliwa. Hicho kipya kinasemaje?"



"Kichwa cha kwanza, pampu," alisema Rahmo, macho sakafuni. "Chini yake, siku ilipoharibika, wasichana tisa, na safari ya maji. Kichwa cha pili, kamati ya maji. Chini yake, ahadi iliyotolewa, na..."



"Na mwenyekiti," mzee akamalizia polepole.

Noordin aliangalia huyu, akaangalia yule, akavaa miwani yake. Rahmo aliona aibu, aibu tupu. Amemleta mzee wa watu kumsimamia, kisha anamvua nguo mbele ya mgeni! Machozi yalimlenga.

"Andika," mzee alimwambia. "Andika hivyohivyo." Kisha akamgeukia mkufunzi. "Mwalimu, huyu umemfungua. Mimi, nani atanifungua?"

Aliyejibu ni Rahmo.

"Wale wasichana tisa, abti. Jumamosi nitakusindikiza kwao, lakini sidhani kama watakufungua."