Mnyama Aliyekula Jua

Kwetu, upande wa Nyamira, mtoto mweupe ni mtoto wa kuogopewa. Sisemi Mzungu, nasema mtoto wetu wenyewe, aliyezaliwa na rangi ya maji ya kunde. Kuna watu, wengi wao wanawake wema tu, ambao wakimtazama mtoto wa namna hiyo, vitu vidogo vidogo humganda mwilini: makapi ya wimbi, nyuzi za blanketi, vumbi. Kisha vitu hivyo hupenya ngozi na kumuua polepole. Jicho hilo tunaliita ebibiriria. Mwenye nalo hakuliomba. Amezaliwa nalo, kama mwingine anavyozaliwa na kidole cha sita. Dawa ni kumkanda mtoto kwa siagi mpaka vitu vitoke, na kinga ni kumficha.

Mdogo wangu alizaliwa mweupe hivyo, miaka ya sabini ilipokuwa ikianza, nami nikiwa kidato cha pili. Kabla yake mama alikuwa amezika wawili. Kwa hiyo huyu hakutolewa nje hata siku moja. Alilala chumba cha ndani kisicho na dirisha, na mgeni akibisha hodi mama alishusha pazia la gunia. Waswahili husema macho hayana pazia. Ya jirani zetu yalikuwa nalo, na alilishona mama kwa mkono wake.

Alipofika miezi kumi alikuwa bado hajaweza kukaa. Kichwa kilimtoka jasho hata asubuhi za baridi, na vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba. Shingo yake ilianguka nyuma nilipombeba, nami nilikuwa naogopa kumbeba. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi na kurudi kimya kimya. Mama ndiye aliyekuwa na jibu. "Kuna aliyemwona," alisema, na akaanza kuwazuia hata shangazi zangu wasiingie.

Muhula huo mwalimu wetu wa biolojia alirudi kutoka likizo na kioja. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, hasira zake karibu na kicheko chake karibu. Alishuka basi na madumu ya maji ya bahari, na ndoo aliyoipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Aliyamimina maji kwenye sanduku la kioo, akaliweka dirishani pa maabara, upande wa jua la asubuhi. Ndani ya maji kulikuwa na jiwe, na juu ya jiwe kitu nilichodhani ni ua la kahawia. Kisha ua likakunja vidole vyake.

"Huyu ni mnyama," mwalimu alisema. "Anakaa mwambani, pamoja na matumbawe, na matumbawe ni jamaa zake. Sasa niambieni anakula nini."

Tulitaja dagaa, matope, damu. Alicheka. Alisema wengi wa hao hula jua. Ndani ya nyama yao mna mwani, mimea midogo kuliko vumbi la unga, maelfu kwa maelfu, na ndiyo inayowapa ile rangi. Mnyama huupa mwani nyumba. Mwani hupika chakula kwa jua na kumgawia mwenye nyumba. Wasichana wenzangu walisema uongo mtupu. Mimi niliamini, na nikaona karaha: kuishi na wageni ndani ya ngozi, usiwaone, nao ndio wanaokulisha.

Baada ya wiki chache mwalimu alipata habari za msiba kwao. Aliniita mimi kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa karibu na shule. Kila siku nisukume hewa majini kwa pampu ya baiskeli, na maji yakipungua niongeze ya mvua. "Chakula usimpe, mwanangu. Chakula chake ni lile dirisha." Akanikabidhi ufunguo.

Siku ya tatu mpishi wa shule aliingia kutazama. Alikuwa jirani yetu, mama mnene wa maneno matamu, na kila mtu kwetu alijua kwamba ana jicho. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo. "Yaani ni kizuri hivi!" alisema, akatazama, akatazama tena. Alipotoka nikakuta nyuzi na vijitakataka vimeelea majini, vingine vimenata kwenye vidole vya mnyama. Labda vilikuwepo tangu mwanzo. Sikungoja kujua. Nilipunguza maji kwa ndoo, nikabeba sanduku na kuliingiza kwenye kabati la chini, nikayarudisha maji, na jioni nikalifunika kwa blanketi langu mwenyewe kutoka nyumbani. Pampu nilisukuma kila siku, gizani, nikipapasa. Nilijiona mlinzi hodari.

Mwalimu alikawia wiki tatu. Siku aliyorudi alifungua kabati mbele ya darasa. Mnyama alikuwa mweupe pe, mweupe wa kuonekana mpaka ndani, na vidole vyake vilikuwa vimelala.

"Nani kakwambia umfunike?"

"Mwalimu, watu ilikuwa inamwangalia sana," nilisema kwa Kiswahili changu cha siku zile. "Nikaogopa macho itamkula."

Darasa zima liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema hakuna macho yaliyomla. Mwani ulikosa jua, ukamtoka, na sasa alikuwa anakufa njaa huku amefunikwa blanketi. Alimrudisha dirishani, lakini mnyama alioza wiki hiyohiyo. Tulimmwaga nyuma ya maabara, na pale majani yalikauka duara zima.

Wenzangu walipoondoka nilibaki. Nilimuuliza kama na mtu ana mwani.

"Mtu hana," alisema. "Ila mifupa yake inalitaka jua. Mtoto asiyeota jua mifupa hulainika." Akaniona uso wangu. "Kwa nini unauliza?"

Nilisema ninauliza tu. Ningemwambia, pengine angetafuta daktari. Pengine angeenda kwa mama na maneno yake ya pwani, na mama angemfukuza. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, hakuna lingine.

Likizo ilipofika nilianza wizi wangu. Siku ambazo mama alikwenda soko la Birongo, nilimtoa mdogo wangu na kumlaza juu ya jani la mgomba nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza alipiga kelele, ngumi zikiwa machoni. Mara ya tatu alinyamaza, akatazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kufikia mwisho wa mwezi shingo yake ilisimama. Siku moja nilimkalisha, nikamwachia, naye akakaa. Nililia kwa furaha, mjinga mimi, peke yangu migombani. Mama aliona mabadiliko na kuyashukuru mafuta yake ya siagi, na siku ya Sabato akatoa ushuhuda kanisani.

Halafu mpishi akatukuta. Alikuwa akikata njia kwenye migomba yetu, mjukuu wake mgongoni. Alisimama ghafla. "Kumbe ndiye huyu," alisema, na palepale akajifunika uso kwa leso. Mwanamke yule alijua wanayomsema. "Mrudishe ndani, mwanangu. Na usimwambie mama yako kwamba nimepita hapa. Nakuomba." Alisema hayo amejifunika, huku mjukuu akitutazama juu ya bega lake, macho mekundu yenye machozi, akikohoa.

Siku kumi baadaye mdogo wangu alishikwa na homa. Kisha vipele, kutoka nyuma ya masikio mpaka nyayo. Mama alimkanda siagi usiku na mchana. Alipoanza kuvuta pumzi kwa mbavu, tulimbeba mpaka kwa wamisheni, na tukarudi naye akiwa amefungwa shuka.

Nilikuja kuwa muuguzi, na nimeiona surua ya kutosha kuijua. Niliitambua katika kumbukumbu yangu siku nilipoisoma kitabuni: kikohozi kile, macho yale, siku zile kumi. Chumba cha giza kilikuwa kinamla mifupa, lakini kilikuwa pia kinamkinga na pumzi za watu. Wazee wetu hawakuwa wajinga kama nilivyodhani nikiwa na miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyekuwa na nusu ya elimu, nikaitumia kana kwamba ni nzima.

Lakini hilo silo linaloniuma. Baada ya mazishi mama alinikalisha jikoni. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umekauka. "Niambie kweli," alisema. "Nilipokuwa sokoni, kuna mtu aliyemwona?"

Ningesema ndiyo, mpishi angekwisha. Watu wangemchomea nyumba. Ningesema ndiyo, ningelazimika kusema pia kuhusu jua. Nilijiambia kwamba namwokoa mpishi. Nilikuwa najiokoa mimi.

"Hapana, mama. Hakuna aliyemwona."

Aliniamini. Mwaka uliofuata alipata mimba tena, na ilipokaribia miezi tisa alinituma mtoni kuleta udongo. Alikuwa amechunguza ukuta wa chumba cha ndani na kuona nyufa zinazopitisha mwanga, nyembamba kama nywele. "Kama hakuna aliyeingia," alisema, "basi alionwa kupitia hapa." Nilibeba udongo safari tatu. Niliukanda, nikampa tonge kwa tonge, naye akaziba. Ufa wa mwisho ulikuwa juu, na kwa tumbo lile hakuweza kuufikia. Niliuziba mimi.