Mamba wa Mutwalibu

Emojong alikuwa mpole kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo anaweza kukutia wazimu. Alikuwa Mteso, akifuga ng'ombe kule Malaba. Shemeji yangu Mutwalibu, mume wa dada yangu Aidah, alikuwa dereva wa lori la pamba hapa Busia, mzaliwa wa Jinja. Walijuana siku lori liliponasa matopeni na Emojong akalivuta kwa maksai wake. Kiswahili cha Emojong kilitoka jeshini, cha Mutwalibu kilijaa Kiganda, na mara nyingi nilikaa katikati yao nisijue nani anamjibu nani.

Mwaka ule ziwa lilipofurika, Aidah alijifungua binti na maziwa yakakataa kutoka. Nilimpa uji wa wimbi, nikamkanda, wapi. Maziwa ya sokoni yalikuwa yameshaanza kuchacha, mtoto akayatapika. Bibi mmoja jirani akasema supu ya kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, hufungua maziwa. Sasa Waganda humwita samaki huyo mamba. Balaa lilianzia hapo.

Mutwalibu alimfuata Emojong mpaka kwake.

"Ndugu yangu, twende Sio Port jioni. Natafuta mamba, bibi yangu akunywe supu."

"Mamba?"

"Mamba, ssebo. Mtoto hana maziwa, anaisha."

Emojong aliinuka. "Haya. Wacha nichukue vitu."

Vitu vyenyewe vilikuwa mkuki, panga na kamba ya kufungia fahali. Mutwalibu alishangaa, akadhani labda Wateso ndivyo wanavyovua. Naye Emojong njia nzima alijiuliza: Mwislamu anakula mamba tangu lini? Na sufuria ya kumtosha itatoka wapi? Hakuuliza. Aliona si adabu kumsumbua mtu mwenye mtoto mgonjwa.

Gati la Sio Port, kando ya ziwa, lilikuwa limezama, yakabaki mawe ya ukingoni tu. Wakakaa hapo, miguu ndani ya maji. Mutwalibu alipochomeka nyungunyungu kwenye ndoana, Emojong aliitazama ndoana, akautazama mkuki wake, akairudia ndoana.

"Hiyo itatosha?"

"Inatosha sana. Akikuja tunavuta. Lakini chunga vidole, iko na meno mbaya."

"Meno yake najua," Emojong akasema, akazidi kuchanganyikiwa.

Jua likielekea kuzama, mshipi ukakaza. Mutwalibu alivuta, akateleza, akatumbukia hadi kifuani huku akiita kwamba amepata mamba. Emojong hakujua kuogelea. Aliruka vivyo hivyo, akajiweka kati ya rafiki yake na kile kilichokuwa kikivuta, akaukata mshipi kwa panga. Kisha akamkokota mwenzake hadi nchi kavu, na samaki akaenda zake.

Mutwalibu alilia kama mtoto. "Umekata samaki ya binti yangu. Mimi nimekukosea nini?"

"Samaki gani?" Emojong akauliza.

Walirudi Busia wamenuniana, wote wamelowa. Mimi ndiye niliyewatenganishia maneno yao, nikiwa na mwiko mkononi na hasira za kuwatosha wote wawili. Emojong alisikiliza mpaka mwisho, akaiacha chai yake, akaondoka. Nikasema, huyo basi, hatumwoni tena.

Kesho yake alifika akiwa na ng'ombe anayekamwa na ndama wake, amewaswaga kwa miguu kutoka Malaba. Nilikamua, nikachemsha, nikazimua kwa maji. Mtoto alikunywa, akalala bila kulia. Furaha ilinijaa, na hasira pia, nikamwuliza mbona hakumleta ng'ombe huyo tangu mwanzo.

"Aliniomba mamba," akajibu.

Aidah alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Akamwita Emojong. "Shemeji, pale kwa mawe, wewe ulijua mnavua yule mamba wa kula watu?"

"Ndiyo."

"Na ukaweka miguu kwa maji."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini ulikubali kuenda?"

Emojong alimtazama, akamtazama Mutwalibu, kisha mimi, kama mtu anayetafuta wa kumtafsiria. Katika mambo yote ya siku zile, nadhani swali hilo ndilo lililomchanganya zaidi.

"Lakini alisema mtoto hana maziwa," akasema.